Maji ya Mto Ndani ya Petroli

Petroli iliyolala ina harufu yake, na hata leo nikiinusa mdomo hunikauka. Si ile harufu kali ya petroli mpya inayopanda puani na kupotea. Hii ni chachu, nzito, kama rangi ya mlango iliyosahauliwa kwenye kopo. Ndivyo ilivyonuka stoo ya Aabo, baba yangu, katika ofisi moja ya serikali pale Garissa, karibu na mto Tana, mwaka ule wa 1997 mvua ilipokataa kukatika. Tulikaa humo humo uani, nyumba ya mabati nyuma ya stoo, kwa sababu Aabo ndiye aliyekuwa mkata nyasi wa ofisi. Watu wa Nairobi hucheka nikiwaambia. Garissa na nyasi wapi na wapi? Haya, wacheke. Aabo alikuwa mfugaji upande wa Wajir, ukame ukammalizia ngamia, akaja mjini mikono mitupu. Aliyemwombea kazi ni rafiki yake wa tangu utotoni, Bishar, dereva wa ofisi hiyo. Mimi nilimwita Adeer, jina tunalomwita ndugu wa baba, na kila alipoingia kwetu Hooyo, mama yangu, alimtilia chai kabla hajaiomba.

Adui wa mashine ya kukata nyasi hakuwa jiwe wala kisiki, alikuwa usingizi. Kwetu nyasi huota mvua ikinyesha, kisha inapita miezi ya udongo mtupu, mashine iko stoo, na petroli iliyobaki ndani ya kabureta inageuka gundi na kuziba kile kitundu kinachopitisha mafuta. Kwa hiyo kiangazi kilipokaribia, Aabo alifunga koki ya tangi mashine ikiwa bado inanguruma, akaiacha imalize mafuta yaliyomo mpaka ijizimie yenyewe. Petroli ya mvua iliyopita hakuitia katika mvua mpya. Na mashine ikigoma, hakuvutana na kamba yake kwa hasira kama nilivyowaona wengine. Alianza na kifuniko cha tangi, maana kina tundu la kupumulia, na vumbi la Garissa likiliziba mashine huwaka vizuri, ikaenda hatua chache, ikafa. Kisha chujio. Kisha plagi: ikiwa kavu, petroli haifiki, ikiwa imelowa, petroli inafika lakini haichomeki. Kitundu cha kabureta alinipa mimi nikipulize kwa mdomo, kwa kuwa waya hukipanua, na Hooyo alinung'unika kwamba binti yake mkubwa ananuka gereji.

Mvua ile ilikuwa balaa. Mto ulivunja kingo, barabara ya Nairobi ikakatika, mifugo ikafa kwa maradhi, petroli ikawa adimu kuliko maziwa. Nyasi, ambazo tulizoea kuzihesabia neema, zilipanda mpaka kiunoni na kuleta mbu wa kutisha, na asubuhi moja nyoka akaonekana amejikunja barazani kwa mkuu wa ofisi. Mkuu alitaka ua ufyekwe. Mashine iliwaka, ikakohoa, ikazima. Aabo alifungua kifuniko, akasafisha chujio, nami nikapuliza mpaka midomo ikaniwasha, na bado ikakohoa na kuzima. Ndipo mkuu akamwambia Aabo, tena mbele ya watu, kwamba nyasi zikiendelea kusimama atatafuta mtu mwingine, na nyumba ni ya mwenye kazi. Hooyo alikuwa na mimba. Hatukuwa na pengine pa kulala.

Aabo akachukua chupa ya soda, ile ya kioo cheupe, akamimina humo petroli ya jerikeni aliyoletewa na Bishar, akaiweka dirishani itulie. Tulipoirudia ilikuwa imejigawa. Juu petroli, chini maji. Na maji yenyewe yalikuwa mekundu, yenye tope laini lililolala chini kabisa. Sikuhitaji kuambiwa. Maji ya mvua tuliyakinga kila siku kwenye ndoo, yalikuwa meupe. Wekundu ule ulikuwa wa Tana. Tena jerikeni Aabo aliifunga kwa nailoni chini ya kizibo, unyevu usipate pa kuingilia. Maji yaliingia kabla haijafika kwetu, na aliyekuwa akiibeba alikuwa mmoja tu. Petroli ilikuwa dhahabu mjini wakati ule, na kilichopunguzwa lazima kijazwe na kitu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mimi ningekwenda moja kwa moja kwa mkuu. Aabo hakuwa hivyo. Kwake aibu ya ndugu huvishwa nguo, haianikwi. Baada ya sala ya alasiri tulikwenda kwa Bishar, chupa nimeibeba mimi, tukaiweka mbele yake mkekani bila kelele. Bishar aliitazama, akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka, nimeyaona kwa macho yangu. Akasema, "Walaal, ndugu yangu, shetani alinipitia. Nisitiri, nawe Mungu akusitiri. Kesho nakuletea safi." Aabo akamshika mkono, akasema yamekwisha, na ili kuonyesha yamekwisha akamwachia chupa.

Asubuhi Bishar alikuwa ameshatangulia ofisini, na chupa ile ile mkononi. Alimwonyesha mkuu, kwa sauti ya mtu anayehuzunika, jinsi mkata nyasi anavyoacha jerikeni wazi mvua ikaingia mafuta ya serikali. Mkuu akatikisa kichwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nguo za shule, nikasema kwa Kiswahili changu cha darasani, "Mvua haina tope. Hayo ni maji ya mto." Mkuu akaigeuza chupa kwenye mwanga, akamgeukia Aabo, akamuuliza kama mtoto anasema kweli. Bishar alitazama viatu vyake. Neno moja tu lilihitajika. Moja.

"Mtoto hajui," Aabo akasema. "Habiba, nenda kwa mama yako."

Tulihamia pembeni ya mji, kibanda cha miti na maturubai, na mdogo wangu Abdi akazaliwa humo huku kunavuja. Aabo akawa mbeba mizigo sokoni. Nilipothubutu kumuuliza, alisema alikuwa ameshampa mtu neno lake, na mtu huyo ndiye aliyemtoa njaani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bishar ilikuwa ndefu na ya lami. Aliendesha gari la ofisi mpaka akastaafu, na siku ya mazishi ya Aabo alilia kuliko sisi, watu wakamsifu kwa kumpenda mwenzake. Nilimpa chai. Bishar nilimjua alivyo tangu asubuhi ile. Aliyeniumiza zaidi ni yule niliyesema kweli kwa ajili yake, akanifanya mwongo mbele ya watu, nami nilimpenda mpaka anakufa.

Leo uani kwa ofisi ile hakuna hata jani, wamepanga matofali, na tuktuk hupita pale mto ulipofika mwaka ule. Mimi nina duka, na umeme ukipotea nawasha jenereta. Ya babangu nayafuata yote: naizima kwa koki, sitii petroli iliyolala, kifuniko nakitazama tundu. Petroli huniletea Abdi, ambaye nimemlea mgongoni. Juzi aliileta, nami kama kawaida nikamimina kidogo kwenye chupa ya kioo, nikaiweka kaunta. Miaka yote hakuwahi kusema kitu. Juzi alisema, "Abaayo, dada yangu, hata mimi unanipima?" Nikamwambia akae anywe chai, maji huchukua muda kushuka. Nikamgeukia mteja, nikampimia sukari yake, kisha nikaiinua chupa kwenye mwanga. Ilikuwa safi mpaka chini. Nilipogeuka kumwonyesha, kiti kilikuwa kitupu, na chai yake haijaguswa.