Folda Niliyoiacha Wazi

Sisi Wakenya wa Dubai tuna desturi moja: ukipata kazi ya kukaa kitini mbele ya kompyuta, CV za wenzako wote ni zako. Unazirekebisha, unazichapisha, unazituma. Ukikataa utaambiwa umeota mapembe. Mimi nilipata kiti hicho Jumeirah Lake Towers, katika kampuni ndogo ya usafirishaji, na kukataa sijui.

Madam, msimamizi wa ofisi, aliniwekea mfumo mwingine ndani ya kompyuta yangu, kompyuta ya pili inayofanya kazi ndani ya dirisha moja. "Faili la mtu wa nje lifungulie humo," aliniambia. "Likiwa na virusi, tunaifuta hiyo ya ndani na mambo yanaendelea. Ila usiziunganishe."

Nikaziunganisha. Uvivu tu, sina la kujitetea. Nilichoka kuhamisha faili moja moja, nikaifanya folda ya ofisi nzima ionekane kote kuwili. Ni kama kufunga mlango wa mbele kwa kufuli tatu na kuacha wa nyuma wazi.

Mchana mmoja mlinzi niliyeishi naye chumba kimoja Al Rigga aliniletea CV kwenye flashi. Nikaifungulia mle ndani. Haikufunguka. Badala yake, majina ya faili kwenye folda ya ofisi yakaanza kubadilika: mikataba, pasipoti za madereva, moja baada ya nyingine. Niliogopa. Ningeweza kuifuta ile kompyuta ya ndani, ninyamaze, na nani angejua? Lakini ofisi nzima ilitumia folda ile. Viza yangu nayo ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo, na wanangu Kitale walikula kwa kiti kile.

Nikachomoa waya wa mtandao, nikaenda kwa madam.

"Folda uliiunganisha wewe?"

"Ndiyo, madam."

Faili nyingi zilirudishwa kutoka kwenye nakala za jana yake. Jioni, akitoka kwa sir, mwenye kampuni, akaniita. "Nimemwambia sir kwamba umesema ukweli," alisema kwa upole. "Lakini kazi, khalas, imekwisha." Heri angenifokea.

Kabla viza haijaisha ilibidi nipate kazi nyingine. Nikamtumia CV yangu jamaa mmoja wa ofisini Jebel Ali, ambaye ya kwake niliiandika mimi. Akajibu upesi: "Pole sana, ndugu yangu. Faili za watu sifungui kazini."

Nikaanza kumwandikia matusi, nikayafuta. Alikuwa amefanya nililopaswa kufanya mimi.