Fundi wa simu anayewafundisha wateja wasimhitaji

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi, Pinetown, nje kidogo ya Durban. Agathe anainua simu hadi usawa wa jicho, anaigeuzia kwenye mwanga wa mlango na kuchungulia tundu la chaji. Mwenye simu, Machano, ameegemea kaunta na kukodoa macho kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

"Imekufa?"

"Haijakufa. Iko imeshiba," anasema Agathe.

Anaizima simu. Anachukua kijiti cha kuchokolea meno alichokichonga kwa wembe hadi kikawa bapa, anakiingiza taratibu. Linatoka donge la vumbi la kijivu, limeshikana kama sufi. Halafu la pili. Analipanga kila donge juu ya karatasi nyeupe, mbele ya macho ya Machano.

"Wallahi, hilo lote langu?"

"La mfuko wako wa suruali. Unafanya kazi wapi, kaka?"

"Jacobs. Kiwanda cha magodoro."

"Basi hata simu yako imejitandikia godoro."

"Sista, usinichekeshe, nimepanda taxi mbili kuja hapa!"

Simu inaingia chaji. Machano anatajiwa twenty rand, anauliza mara mbili kama amesikia vizuri. Duka la karibu na kwake walimwambia three-fifty, yaani rand mia tatu na hamsini, kwamba mfumo mzima wa chaji umeharibika. Kabla ya kuwaamini alitafuta kwenye mtandao, akakuta maelekezo ya Kiswahili ya kujisafishia mwenyewe. Alifika katikati, akaogopa. Chini ya maelekezo palikuwa na anwani: Pinetown, baada ya robot (taa za barabarani) ya pili, mlango wa bluu.

Maelekezo hayo yaliandikwa na Agathe.

Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, mwenye duka Anaclet anatazama kila kitu. Leo mwezi mmoja aliompa Agathe unakwisha. Wakifunga, atamwambia kama meza hii bado ni yake au akusanye bisibisi zake aondoke.

Agathe ana miaka thelathini na sita, amezaliwa Uvira, Kongo, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja Durban. Anaishi na mabinti zake wawili katika chumba cha uani kwenye nyumba kubwa ya zamani ya mtaa wa Glenwood. Vyumba vingine wamepanga wanafunzi. Kodi yake ni rand elfu mbili na mia nane, na ndani yake kuna intaneti. "Hiyo intaneti ndiyo ilinifanya nikubali kile chumba," anasema. "Mvua ikinyesha panavuja, lakini mtandao hauvuji."

Aliingia dukani kwa Anaclet akiwa muuzaji wa vocha na makava ya simu. Fundi wa wakati ule aliitwa Désiré, na Agathe alikuwa akimtazama mikono. Alimtazama miaka miwili. Désiré alipopata safari ya Canada, alimwachia kopo la bisibisi na maneno machache: "Usiwe na haraka na screw ndogo."

Siku hizi anagawana na mwenye duka nusu kwa nusu kila kazi anayoimaliza. Mwezi mzuri anaondoka na rand elfu nne na mia tano. Mwezi mbaya, elfu tatu.

Ni mwezi mmoja wa namna hiyo uliomfanya aanze kutafuta pesa kwenye mtandao. Alilipa rand mia tano kwa mtu wa WhatsApp aliyeahidi kumfundisha siri ya kutajirika akiwa amelala. Alichopata ni kurasa sita zilizosema atafute watu kumi, naye awauzie hizo kurasa sita.

Kwa hasira akaanza kusoma habari za matapeli wa aina hiyo. Ndipo akamkuta mzee wa Australia.

Anaitwa Trevor Hales. Ni fundi wa redio aliyestaafu, anaishi katika mji mdogo wa Tasmania, na kila Jumanne huandika kwenye blogu yake juu ya teknolojia na namna ya kupata kipato mtandaoni. Agathe humsoma alfajiri kabla watoto hawajaamka, simu ikimtafsiria kwa Kifaransa. Hajawahi kusikia sauti yake. Anamwita "mzee wangu."

"Wengine wote wanaandika kwa kupiga kelele," anasema. "Yeye anaandika kama mtu aliyekwisha kula. Anasema mtandao haulipi upesi. Anasema anayekuuzia siri ya utajiri, utajiri wake ni wewe. Halafu anasema: andika kile ambacho watu wanakuuliza kila siku."

Watu walikuwa wanamuuliza Agathe kitu kimoja. Kanisani, kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi, hata msibani. Dada, simu yangu haishiki chaji, imekufa?

Akafungua blogu yake, akaandika kwa Kiswahili. Makala ya kwanza ilikuwa na mistari ishirini, na ilikuwa na kosa.

Yeye mwenyewe alikuwa akisafisha tundu kwa sindano, kwa hiyo aliandika sindano. Hakuandika kwamba kwanza hufungua simu na kuchomoa betri. "Mkono wangu unatoa betri kabla kichwa hakijafikiri," anasema. "Nilisahau kwamba msomaji hana mkono wangu."

Scola, mwanafunzi Mtanzania wa chumba cha pili pale Glenwood, alikuwa msomaji wake wa kwanza. Alichomeka sindano simu ikiwa inawaka. Ikatoa harufu, ikazima.

"Nilimgongea mlango nikiwa nalia," anakumbuka Scola. "Nikamwambia, dada Agathe, nimefuata ulivyosema, neno kwa neno. Akakaa kitandani kama mtu aliyepigwa."

Agathe alinunua kifaa kipya cha chaji kwa rand mia mbili na arobaini za kwake, akaitengeneza ile simu. Usiku huo alitaka kuifuta makala. Lakini alikumbuka mzee wa Australia aliwahi kuandika kwamba kosa huwekwa juu, mahali pa kuonekana. Akaandika mstari wa kwanza kabisa, na upo mpaka leo: *Nilikosea. Nilisema sindano, na simu ya rafiki yangu ikaungua. Tumia kijiti cha mti, simu ikiwa imezimwa. Ukihisi kitu kigumu, acha, mtafute fundi.*

Ni mstari huo uliomsimamisha Machano katikati ya kazi. "Nikasema, huyu anayekiri kaunguza simu, huyu ndiye wa kumpelekea yangu," anasema.

Katika miezi kumi na minne, matangazo ya kwenye blogu yamemwingizia Agathe rand mia sita na arobaini. Zote, jumla. Mwezi wa kwanza zilikuwa rand nne, akaipiga picha skrini na kumtumia dada yake aliyeko Uvira. Dada akajibu: "Sasa mtajenga ghorofa?"

Hales huwashauri wasomaji waandike kwa Kiingereza kwa sababu matangazo yake hulipa zaidi. Hapo Agathe hakumsikiliza. "Mzee wangu hajawahi kukaa dukani kwetu," anasema. "Wanaoibiwa hapa hawasomi Kiingereza. Niwaandikie wasiohitaji?"

Lakini kuna mtu mmoja ambaye Agathe hakumfikiria alipokuwa anaandika, naye ni Anaclet.

Kwa miaka mingi, usafishaji wa tundu la chaji ulikuwa mkate wa maduka ya simu. Simu inapelekwa nyuma ya pazia, mteja anasubiri nusu saa, inarudi ikiwa nzima: one-fifty. Hakuna aliyeona kilichofanyika. Anaclet haoni aibu kulisema. "Kodi ya duka inaniamsha kila tarehe moja. Skrini faida yake ni kidogo, vocha ni kidogo sana. Ile one-fifty ndiyo ilikuwa inatulisha, mimi na yeye."

Siku moja mama mmoja alikuja, akatajiwa bei, akatoa simu ya pili kwenye mkoba na kumsomea Anaclet kwa sauti: kabla ya kulipa, hakikisha si uchafu.

"Nikamwambia, maman, nipe nisome. Nilisoma mpaka chini nimjue huyo adui," anasimulia Anaclet. "Chini nikakuta anwani ya duka yangu! Adui iko nyuma ya pazia yangu, anakula mkate."

Siku hiyo hakucheka. Alimwita Agathe mbele ya wateja.

"Unafundisha batu wasikuje?"

"Papa Anaclet, ninafundisha wasiibiwe."

"Nani mwizi? Sema jina!"

Anaclet ndiye aliyempokea Agathe alipofika Durban na mtoto mgongoni, akampa kazi kabla hajapata karatasi. Hilo halijasahaulika kwa yeyote kati yao, na labda ndiyo sababu sauti zilipanda vile. Mwisho mwenye duka akatoa uamuzi: mpaka Jumamosi ya wiki hiyo, makala ifutwe, la sivyo meza iwe tupu.

Agathe alimwandikia Hales kwa mara ya kwanza. Alitarajia kuambiwa asimame imara. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, fupi. Mzee alisema blogu haijawahi kumlipia mtu yeyote kodi kwa rand mia sita. Aifute kama meza ndiyo inayolisha watoto, na airudishe siku atakapokuwa na meza yake.

"Nilikasirika," anasema Agathe. "Halafu nikaona amesema kweli. Mtu wa mbali hakunidanganya ili anifurahishe. Lakini na mimi nilikuwa nimewaahidi watu."

Ijumaa, siku moja kabla, alienda kwa Anaclet na ombi. Meza itoke nyuma ya pazia, iwekwe mbele, karibu na mlango. Kila simu isafishwe mteja akiona. Ikiwa ni uchafu, twenty rand. Ikiwa ni ugonjwa wa kweli, mteja auone ugonjwa wenyewe, ndipo atajiwe bei kamili.

Anaclet alimwambia amepotea akili. Akazunguka dukani, akapanga makava ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Halafu akasema: "Mwezi moja. Wateja wakipungua, hutanilaumu."

Mwezi huo umepita hivi: mbele ya mlango, kijiti, karatasi nyeupe, na watu waliosimama kutazama vumbi la mifuko ya wenzao. Wapo waliosafishiwa wakaenda zao. Wapo waliorudi wiki iliyofuata na skrini iliyopasuka. Agathe alikuwa akiwahesabu kimoyomoyo na kupoteza hesabu.

Saa kumi na moja jioni. Machano alikwisha kuondoka zamani. Agathe anapangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Anaclet anashusha mlango wa chuma hadi nusu, anarudi kwenye kiti chake, anatoa simu.

"Maman Agathe, kuja."

"Nasikia, Papa."

"Hii uliandika juu ya betri. Nani alikufundisha hivi?"

Agathe anasimama wima. "Nimekosea?"

"Nusu. Umesema ikivimba mtu aache kuitumia. Bien. Sasa aiweke wapi? Haukusema. Ataiweka chini ya mto, analala nayo! Andika: asiitoboe, aiweke mbali na watoto, aje nayo hapa."

"Umesoma zote, Papa?"

"Zote. Ile ya maji ndiyo nzuri. Ile ya memori ni ndefu sana, nililala."

"Kwa hiyo naandika?"

"Mi nimesema lugha gani?"

"Na meza?"

Anaclet anaitazama meza kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Meza iko pale. Ilikimbia?"

Agathe anakaa chini, kwenye sanduku la makava. Kisha anaanza kucheka, akifuta macho kwa kitambaa cha kufutia skrini.

Baadaye Anaclet anaeleza, kwa sauti ya mtu asiyependa kueleza, kwamba wateja hawakupungua. "Pesa iko karibu ileile. Kelele ndiyo imezidi. Kila mtu anakuja akijua kila kitu."

Agathe anataka kununua hadubini ya mezani, ile ya kutazamia njia ndogo za umeme, ili kazi zinazopelekwa kwa mafundi wa mjini zibaki Pinetown. Dukani inauzwa rand elfu tatu na mia mbili. Kwa mwendo wa blogu yake peke yake, itachukua karibu miaka sita. Amekwisha kumwandikia mzee wa Australia kumweleza kwamba meza ipo na makala ipo.

Jumatatu ataandika upya ile ya betri. Anamuuliza Anaclet kama anaweza kuandika kwamba ushauri umetoka kwake.

"Andika. Fundi Anaclet, Pinetown. Andika vizuri."

"Niweke na picha?" Agathe anainua simu.

Anaclet anajitazama kifuani, fulana ya kazi, doa la gundi. Anaziba uso kwa mkono.

"Picha ngoja! Jumatatu ninakuja na shati ya kanisa."