Barua Tatu za Fundi wa Mvuke

Mama anayetuuzia maziwa hapa Bigwa hana kawaida ya kukaa. Humimina lita yake, hutania neno moja, huyo anaondoka. Asubuhi ile alimimina, akafunika ndoo, akabaki amesimama mlangoni. "Fundi wako wa mvuke hatunaye," akasema. "Amefariki alfajiri. Wanazika saa kumi." Nilikuwa nimeshawasha mashine ya kahawa, ile ndogo ya espreso ninayowachosha wasomaji wangu kwa kuitaja kila mara, na lile bomba lake la kutolea mvuke, ambalo marehemu alilitengeneza kwa mikono yake, lilikuwa linadondosha tone mojamoja kama kawaida ya asubuhi. Nikaizima. Sikunywa kahawa siku hiyo, na niseme ukweli, sikulia pia. Nilikasirika, na hasira ile haijanitoka mpaka ninapoandika hapa.

Tulimzika chini ya mlima, ukungu ukiwa umeufunika Uluguru wote kiasi kwamba usingejua kama kuna mlima. Watu walikuwa wengi mno. Kama ilivyo desturi, shehe alitugeukia akauliza, "Ndugu zangu, mnamshuhudiaje marehemu?" Tukajibu kwa sauti moja: "Alikuwa mtu mwema." Akauliza mara ya pili, tukajibu. Akauliza mara ya tatu, tukajibu kwa nguvu zaidi. Aliyesimama kuliani kwangu ni meneja wa hoteli moja ya hapa mjini, na sauti yake ilizidi za wote. Yangu haikuwa ndogo. Shehe hana kosa, na desturi ni nzuri, tena ndiyo iliyonichoma. Kwa sababu mtu yule alikuwa ametuomba ushahidi huohuo akiwa hai, anatembea kwa miguu yake, ameshika bahasha mkononi. Alituomba watu watatu, kila mmoja karatasi moja tu. Hakupata hata moja.

Acha nianze mwanzo, maana nikianza na hasira nitaharibu. Marehemu alikuwa mtunza boila katika kiwanda kimojawapo kati ya vile tulivyokuwa navyo mji huu, enzi ambazo king'ora cha asubuhi kiliwaamsha hata wasio na kazi. Boila ni ule mtungi mkubwa unaochemsha maji mpaka yawe mvuke wa kuendesha mitambo, na mtu anayeusimamia akisinzia, kiwanda kizima kinaruka. Hakusomea. Aliingia kama mpakua kuni, akafundishwa na mzee aliyemtangulia, akaishia kuujua mvuke kwa masikio. Kiwanda kilipofungwa, wenye vyeti walipata pa kwenda. Yeye alipata kibanda cha mabati kando ya barabara, akawa anatengeneza pasi, masufuria ya presha ya akina mama, na ule mtungi wa zahanati wa kuchemshia vifaa vya kushonea majeraha. Watoto wa mtaani walimwita Fundi Mvuke, na sisi wakubwa tukaiga.

Mashine yangu niliipata kwa dada yangu aliyeko ng'ambo, alipokuja likizo. Kahawa haikuwa taabu, maana kuna mkulima mmoja wa kule juu milimani, mtu wa kigango cha kanisa, anayeniletea punje zake mwenyewe. Taabu ilikuwa maziwa. Bomba la mvuke lililokuja na mashine lilikuwa fupi, limevalishwa ala ya plastiki, na povu lake lilikuwa mapovu makubwa ya kufulia. Nikaipakata mashine hadi kibandani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwandishi. Umeniletea mgonjwa gani?"

Nikaanza kueleza, akaninyamazisha kwa kiganja. "Usimsemee. Mwashe, atasema mwenyewe." Tukaiwasha. Akainamisha kichwa, akasikiliza bomba likikoroma ndani ya kikombe cha maji, kisha akacheka. "Huu si mvuke, mwandishi. Haya ni maji yanayojidai mvuke. Na hii plastiki ina kitundu cha kuvuta hewa, ili mtu apate povu bila kujua anafanya nini. Wamemtengenezea mtu asiyetaka kujifunza. Wewe unataka kujifunza?" Nikasema nataka. "Basi tulitoe."

Alitafuta siku tatu bomba la chuma kisichoshika kutu lenye upana unaofaa, akalipata kwenye tangi bovu la kupozea maziwa. Nikamuuliza kwa nini asilichomelee tu kwa lehemu, kazi iishe. Akaniangalia kama nimetukana. "Lehemu ina risasi. Haya maziwa si yatanywewa na mtoto?" Akalifunga kwa nati na washa, bila lehemu hata chembe. Mwishoni akalivalisha ncha aliyoitoboa matundu manne. Nilipoijaribu nyumbani, mvuke uliisha kabla maziwa hayajapata uvuguvugu, lakini mimi kwa adabu za uongo nikamwambia iko sawa. Siku mbili baadaye alipiga hodi mwenyewe, ncha nyingine mfukoni. "Nimelala nikiifikiria," akasema. "Nilikosea. Boila yako ina pumzi za mtoto, nami nimempa mdomo wa mtu mzima." Ile mpya ilikuwa na tundu moja tu. Akanifundisha kufungulia kwanza kwenye kitambaa mpaka maji yatoke na sauti ibadilike, ndipo niitie ncha kwenye maziwa, juu juu, na nifunge pale kiganja kinaposhindwa kuvumilia joto la kikombe. Povu likawa laini kama uji uliokorogwa na mtu mwenye subira. Wageni wangu wa Idi walisema, "Ama kweli, mashine za Ulaya!" Nikatabasamu, nikawaacha waamini hivyo. Angalia, msomaji, hapo nilikuwa nimeshaanza kumnyima ushahidi wake.

Ni mimi niliyempeleka kwa meneja wa hoteli, maana mashine yao kubwa ya kahawa ilikuwa inawapigia kelele. Aliifungua, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nilimfuata. Akanionyesha kiganjani valvu ya usalama, yaani ile inayoachia mvuke unapozidi ili mtungi usipasuke. Ilikuwa imezibwa kwa gundi ya chuma, kwa sababu ilikuwa inavuja na kuwasumbua. "Aliyeziba ana cheti," akasema. "Nimekiona kimetundikwa ofisini kwake. Na yule binti anayepika kahawa anasimama hapa kila siku, uso wake uko hapa." Akapima kwa mkono, umbali wa shubiri mbili. Alitengeneza valvu, akabadilisha na mabomba ya mvuke yote mawili, na tangu siku ile akawa na neno moja mdomoni: anataka kuwafundisha vijana mvuke kabla haujawaunguza.

Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa tayari kumpokea. Sitakitaja. Walimwambia mzee, tunakujua, lakini mwalimu lazima awe na cheti. Akaenda kwenye ofisi inayohusika na mambo hayo, nayo sitaitaja, wakamwambia upo utaratibu wa fundi asiyesoma kufanyiwa mtihani wa mikono, akifaulu anapewa cheti. Ila kwanza alete barua tatu za watu aliowafanyia kazi, zikieleza alifanya nini, kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu aliyewasha boila miaka yote ile, ambaye hakuna aliyeungua mkononi mwake, anatakiwa na watu wasiojua mvuke kuleta karatasi kutoka kwa watu wengine wasiojua mvuke! Hakulalamika. Alikwenda kwa mganga wa zahanati, akaambiwa barua mpaka iidhinishwe wilayani. Alikwenda kwa meneja, akaambiwa njoo kesho, akaenda kesho, na kesho yake, na kesho ya kesho. Kisha akaja kwangu, akiwa na uhakika, kwa kuwa mimi kula yangu ni kuandika.

"Andika tu ulichokiona," aliniambia.

"Fundi, hii nataka nikuandikie nzuri," nikamjibu.

Haya ndiyo maneno yaliyomfunga. Nilitaka iwe nzuri. Nilitaka iwe na mwanzo wa kuvutia. Wiki ile niliandika safu ya maneno mengi kuhusu mashimo ya barabarani, na nyingine kuhusu adabu za vijana kwenye simu, zote kwa wakati, mhariri hakunidai. Barua ya nusu ukurasa ikanishinda. Alirudi mara ya pili, nikamtengenezea kahawa kwa bomba lake mwenyewe, akainywa, akalisifu povu, kisha akatoa kwenye bahasha ya kaki karatasi moja yenye mistari na kalamu mpya ya bluu. "Nimewaza labda karatasi zako zimekwisha, mwandishi." Hakuwa ananisuta. Mtu yule hakuwa na kejeli hata kidogo, kweli alidhani mwandishi anaweza kuishiwa karatasi, kama yeye alivyoishiwa washa. Usiku huohuo niliandika juu ya ile karatasi, "Kwa yeyote anayehusika." Nikaona ni mwanzo wa kizembe. Nikaiweka chini ya mashine nitafute bora. Alipokuja mara ya tatu mwezi ulikuwa umeisha, wala hakuuliza barua. Alikuja kukagua kama nati haijalegea. "Basi, mwandishi. Kuna mwakani." Laiti angenitukana.

Mwakani haikumfikia. Kifua kilimbana wiki mbili, ikawa ndiyo basi. Siku ya tatu ya msiba, watani wao walikuja, na mnajua mtani msibani hana mipaka, kazi yake ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Mama mmoja mnene alivaa kofia ya marehemu, akabana bahasha ya kaki kwapani, akapita katikati ya mikeka akitembea kwa ule mwendo wake wa kukagua. "Hodi! Barua yangu tayari?" Kisha anageuka, anatoa tumbo mbele: "Njoo kesho, fundi, njoo kesho!" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikamtupia jicho meneja. Mtani akapiga hodi tena, akageuka, akaweka kidole kwenye shavu kama mtu mwenye mawazo mazito: "Fundi, nataka nikuandikie nzuri!" Mjane alicheka mpaka akajifunika kanga. Baadaye aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba marehemu alikuwa akiyarudia maneno yale nyumbani kwa fahari, kila jioni. "Mwandishi hawezi kuandika ovyo ovyo, ananiandikia nzuri."

Kesho yake nilikwenda kwenye ile ofisi. Najua ni upuuzi, lakini hasira haina akili. Nilimweleza karani kwamba nataka kuandika barua ya fundi fulani, na kama ikiwezekana mkewe apewe walau karatasi ya kutundika ukutani. Hakuinua macho kwenye daftari. "Mhusika aje mwenyewe," akasema. Nikamwambia mhusika amefariki. "Pole," akasema. "Basi utaratibu hauruhusu." Nilitaka kumtukana. Nilipofika nje, kwenye jua, nikakumbuka kwamba karani yule hakuwahi kunywa kahawa ya bomba la marehemu. Mimi nimekunywa kila siku.

Mcheza kwao hutunzwa, tuliambiwa tangu darasani. Huyu alicheza kwao maisha yake yote, na tulichomtunza ni sauti ya pamoja makaburini. Mji wetu umejaa watu wa namna yake, mafundi waliobaki viwanda vilipoondoka, na sisi tunaojua kuandika tunawapitia vibandani, tunatengenezewa, tunasifia, tunaondoka. Kisha tunalalamika kwenye magazeti, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba nchi haina mafundi, kwamba mtambo ukiharibika lazima tuagize mtu kutoka nje. Mafundi tunao. Tunachokosa ni wino wa kuwashuhudia, na tukiupata tunataka kwanza uwe na mapambo. Meneja alikuwa mvivu, mganga alikuwa mwoga, na hao nawasamehe kabla ya kujisamehe mimi, kwa sababu mimi niliujua uzuri wa ile kazi, nilikuwa na karatasi, nilikuwa na kalamu, zote mbili alininunulia mwenyewe.

Karatasi ile bado iko chini ya mashine, ina maneno matatu na duara la kahawa. Kwa hiyo wewe unayesoma, usiniandikie kunipa pole. Kuna mtu amekuomba barua, au saini, au neno kwa mtu fulani, na umemwambia aje kesho. Unamjua, sura yake imekujia sasa hivi. Weka gazeti chini, ukamwandikie. Iandike vibaya, lakini iandike leo.