Kiuno cha Mdudu wa Mitwaba

Nilitoka Hewa Bora, mtaa wangu wa Lubumbashi, kwa sababu ya kiuno. Nusu ya jiwe niliyopewa na mtu wa Mitwaba ina kisukuku cha mdudu wa mabawa manne, nami katika tasnifu yangu nilimweka kwenye kundi la nyigu kwa kuwa kiuno chake kilionekana chembamba. Binamu za nyigu, wale wanaopasua majani kwa mwiba wa meno ya msumeno ili watage, hawana kiuno kabisa. Profesa anayenisimamia alisoma, akauliza nusu ya pili ya jiwe iko wapi, kwani jiwe likipasuliwa alama ya mdudu hubaki pande zote mbili. Bila hiyo, alisema, sitatetea tasnifu.

Jumatatu alfajiri nilipanda lori la unga. Mpaka Likasi tulienda vizuri. Baada ya hapo ni vumbi siku mbili, nikashuka Mitwaba nikiwa mwekundu hadi kwenye kope.

Mwenyeji wangu, Papa Kalenga, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeliokota jiwe na kulipasua. Kwake mtu hugawana kitu kizuri na mgeni, basi nusu moja alinipa mimi na nyingine akabaki nayo. Niliiomba kabla hata ya kukaa.

"Kula kwanza, mama," alisema. "Jiwe haina miguu, haitakimbia."

Nilikula bukari, ugali wa kwetu, na mboga za lengalenga haraka haraka bila aibu. Kisha mkewe akaenda kwenye ndoo ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, akaondoa jiwe lililokandamiza kifuniko. Nilitaka kulia. Bahati, upande wa mdudu ulikuwa juu, mkavu.

Nikaweka lenzi jichoni. Kifua kilishikana na tumbo, unene uleule. Hakuna kiuno.

"Lakini kwangu kiko!" nikasema, nikaitoa nusu yangu.

Papa Kalenga aliichungulia kwa muda mrefu. "Hapa ulikwaruza na nini?"

Sindano. Niliisafisha kwa sindano wiki nzima, na kwa jinsi nilivyotamani nyigu wa kale, nilimchonga kiuno bila kujua. Niliona haya sana.

"Umekondesha kidudu ya watu!" mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Beba yote mbili. Munkoyo tutaifunika na ingine."

Lubumbashi nilifika Jumapili, nikaandika sura upya: mdudu huyu si nyigu, ni binamu yake, na kiuno kilichoonekana awali ni kazi ya mkono wangu. Sentensi hiyo ilinichukua siku nzima. Nimejifunza kuogopa kitu ninachotamani kukiona.

Profesa aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Sasa chagua siku ya kutetea," alisema.