Magoti ya Bibi

Juzi nilimsindikiza bibi yangu kutoka Mollo hadi ofisini mjini, kuomba kibali cha kupasuliwa nyonga Mbeya kwa gharama ya serikali. Alipofika mbele ya karani alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia Ufipa.

Karani, kijana mgeni, alicheka. "Bibi, nyonga mbovu hupiga magoti hivyo? Kibali ni cha wagonjwa."

"Asante, baba," bibi alijibu, akapiga makofi ya kuaga.

Lakini hakuinuka. Alishika meza, akanishika mimi, jasho likamtoka. "Mjukuu wangu, nimekwama."

Karani alizunguka meza haraka, tukamwinua pamoja. Kisha akagonga muhuri kwenye kibali.

Ndugu makarani, Mfipa akiwapigia magoti, msimjibu kabla hajainuka.