Mama Kamera na Kuta za Vioo

Jengo la zamani lilimfaa. Lilikuwa la bati ukutani na bati juu, giza mchana kutwa, mtu akiinua kichwa haoni kitu zaidi ya masizi. Humo Mama Kamera alifunga pampu za maji miaka mingi bila presha kumpanda. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hakuna kilichompita: nani amebadilisha viatu, nani hakulala, nani amenuniana na nani.

Halafu wakahamishiwa kituo kipya cha kuunda pampu, jengo utadhani limejengwa makusudi kumtia mtu wazimu. Paa lake linapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na kila jino lina kioo, mwanga unamwagika juu ya mashine mpaka kona ya kujificha hakuna. Chini ni ukumbi mmoja mrefu wa mafundi, na mkanda unaosukuma pampu toka meza hadi meza. Juu, katikati ya ukumbi huohuo, ofisi za wabunifu zimening'inizwa kwenye nguzo za chuma, kuta zake vioo vitupu. Msanifu wa jengo alikuja siku ya ufunguzi akaeleza kwamba anayefikiri na anayetengeneza lazima waonane. Mafundi walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaipa ofisi ile jina: kabati la vyombo.

"Vile vya wageni," alisema Mama Redio, jirani wa meza yake, ambaye mdomo wake haukuwa na swichi. "Masufuria ndio sisi."

Hayo yote Mama Kamera angeyazoea, lau kitindamimba wake asingepata kazi ndani ya kabati lile.

Binti aliingia kwa majaribio, achore ringi na vali mpya za pampu. Meza yake iliwekwa penye kioo, mkabala na meza ya mama yake. Kuanzia hapo shingo ya mama haikutulia. Alimwona akipiga miayo. Alimwona akifuta mchoro. Alimwona chai ikimpita, na mchana wakikutana bwaloni humwuliza mbele za watu, "Chai hukunywa. Una nini?"

Ikafika siku ya kuambiwa kama anabaki au anaondoka. Asubuhi, wakiwa mlangoni kwao, binti alimshika mkono.

"Mama, leo nakuomba kitu kimoja tu. Usiangalie juu."

"Niangalie wapi? Chini kuna nini?"

"Chini kuna pampu, Mama. Ndiyo kazi yako."

"Pampu sikuizaa mimi."

"Mama!"

"Haya, nimesikia. Siangalii."

Aliangalia hata kabla hajavaa glavu.

"Wameshaingia," alisema Mama Redio. "Mkuu wake ndiye yule wa miwani mikubwa. Kafunga mlango."

"Mlango wa kioo unafungwa wa nini? Mambo yote nje nje."

"Nje nje, lakini unasikia kitu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa balaa ya jengo lile. Midomo unaiona, sauti huipati. Mama Kamera alikuwa akipachika ringi za mpira, zile zinazozuia pampu isivuje. Vidole vyake viliijua kazi hiyo bila yeye, na macho yalikuwa juu. Mkuu alisema neno, binti akatikisa kichwa. Mkuu akafungua mikono, kama mtu asiye na la kufanya. Binti akanyoosha kidole chini, moja kwa moja kwa mama yake, halafu akajifunika uso kwa viganja.

"Wamemfukuza!"

"Subiri kwanza, mwenzangu..."

Wapi! Alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu.

Kila meza ilikuwa nacho. Sheria ya kituo ilimruhusu fundi yeyote kusimamisha mkanda akiona kasoro, na haadhibiwi, ila lazima awaeleze wenzake wote sababu, papo hapo, akiwa kwenye ngazi kuu. Ndiyo maana ngazi ile ilijengwa pana vile katikati ya ukumbi, watu wapate kukaa na kusikiliza. Mkanda ukafa. Kelele zikafa. Mafundi wote wakageuka, na kule juu wabunifu wakajipanga kwenye vioo.

"Mama, kuna nini?" msimamizi alimkimbilia. "Ringi imepasuka?"

"Mwanangu!"

"Mwanao kanaswa na mkanda?"

"Yuko juu!"

Akapanda ngazi na glavu zake. Juu akakwama. Kioo huku, kioo kule, mlango hauonekani. Akawa anapapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi gizani, na waliomo ndani wanamtazama. Binti ndiye aliyemfungulia.

"Mama, umefanya nini?"

"Wamekufukuza?"

"Binti yako amebaki," alisema mkuu wa miwani, taratibu. "Nimemwambia sasa hivi."

"Sasa analia nini?"

Binti alikuwa akitazama ncha za viatu vyake.

"Mwanangu, nakuuliza wewe."

"Nimeomba kuhama meza. Niende upande wa nyuma. Mama, siwezi kufikiri. Nikichora mstari, umeinua kichwa. Nikifuta, umekunja uso. Nilipomweleza mkuu nikaona aibu, maana wewe huna ubaya na mimi."

Mama Kamera alihisi kama amemwagiwa maji ya baridi. Alitaka kusema kwamba siku atakayoacha kuangalia ndiyo siku mambo yatakapoharibika. Kwamba homa zote za utoto wa binti huyu alizijua yeye kwanza, kwa kumtazama tu.

"Huko nyuma kuna dirisha?" akauliza badala yake.

"Lipo. Linatazama uwanja wa kujaribia pampu."

"Mwanga je?"

"Unatosha, Mama."

Msimamizi alikuwa amefika mlangoni, anahema. "Mama, watu wamekaa kwenye ngazi. Wanasubiri sababu."

Hapo uso wa binti ulibadilika, na mama akauona ulivyobadilika. Njia ya mkato ilikuwepo: aseme ringi imepasuka, yaishe. Lakini ringi zile mpya zilitoka kwenye mkono wa nani kama si wa mtoto wake? Angemharibia jina siku ileile aliyopata kazi. Na akisema ukweli, bwalo zima litamcheka mtoto mwenye mama wa namna hii.

Akashuka hadi katikati ya ngazi.

"Mashine haina kasoro," alisema. "Ringi ni nzima. Nimeangalia juu nikaona mwanangu kajifunika uso, nikadhani kafukuzwa, mkono ukaitangulia akili. Yeye hakuniita. Tena asubuhi alinikataza kabisa nisiangalie. Kwa hiyo mkicheka, nichekeni mimi. Yeye mwacheni afanye kazi."

Sauti ikatoka nyuma: "Kamera imeungua!" Watu wakavunjika mbavu, hata msimamizi.

Mama Redio alisimama kumtafuta aliyesema. "Wewe mamako akikuona unavyolala kwenye meza, atasimamisha kiwanda wiki nzima!"

Mama Kamera akageuka nusu, atazame juu. Akajizuia. Mkuu wa miwani alikuwa ameshuka hadi nyuma yake, na Mama Kamera akamwambia kwa sauti ya chini, "Mhamishe. Hata leo."

Binti alihamishwa kabla ya chakula cha mchana. Meza ya penye kioo akapewa mbunifu mwingine, mwanamume mwembamba mwenye shati la mikono mirefu. Mama Kamera akapachika ringi, akapachika, shingo inamwasha kama ina upele. Huko nyuma anafanya nini sasa? Amekula? Hicho kiti alichopewa kina mgongo kweli? Alivumilia mpaka akashindwa, akainua kichwa.

Yule mwembamba alikuwa akipiga miayo.

"Huyu naye," alimwambia Mama Redio, "halali."

"Haya, umeshapata mwingine. Funga pampu, mwenzangu."

Akafunga. Ringi iliyofuata aliiweka kichwa chini miguu juu, akaitoa, akaiweka tena.