Mali ya Juu na Mali ya Chini

Alhamisi, mwezi wa tatu, mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, ng'ambo ya Kwedizinga. Mawingu yalijaa tangu alfajiri, mvua ikagoma.

Serikali ilitaka kuufunga msitu wetu uwe hifadhi, lakini kwanza ilimtuma mtaalamu aangalie kama chini yake kuna madini. Tulishazoea bwana shamba na bwana nyuki, basi huyu tukamwita bwana mawe. Mume wangu hakuwa na raha. Mizinga yake yote ilikuwa humo. Pakichimbwa, nyuki watahama. Pakifungwa, yeye hataingia.

Bwana mawe akapita kwetu, kijana mwenye adabu. "Shikamoo mzee. Huko msituni mali iko upande gani?"

Kwetu mali ya msitu ni asali. Mume wangu akajibu upesi, "Marahaba. Mali hakuna, mwanangu. Siafu tu."

Nami, niliyeishia darasa la nne, nilielewa vilevile, kwa hiyo siwezi kumcheka yeye peke yake.

Alasiri kijana akarudi na karai lake la kuoshea mchanga wa kijito, mdomo umevimba. Alikuwa amepumzika chini ya mti wenye mzinga.

"Mzee, mali uliyonificha imeniuma!"

"Si uliuliza mali?"

"Niliuliza madini, mzee wangu! Ya chini!"

"Aa, ya chini chukua yote. Ya juu niachie."

Alicheka mpaka akaushika mdomo kwa maumivu. Akatuonyesha alichopata: vijiwe vyekundu, vidogo kama punje za ulezi. Akasema havistahili kuchimbiwa shimo, na kwamba atawaambia wakubwa wake msitu ufungwe, ila wenye mizinga waachiwe njia.

Msitu ulifungwa kweli, na mume wangu akaruhusiwa kuingia kurina asali mpaka uzee ulipomkataza kupanda miti. Huenda yalikuwa maneno ya bwana mawe, huenda ya bwana nyuki, maana naye alitusemea. Sina hakika. Nawashukuru wote wawili.

Jioni ile tulikataa kijana arudi mjini Handeni na njaa. Nikasonga ugali, nikapika mlenda kwa ajili ya mdomo wake, maana mlenda hauombi meno. Tulipomaliza, mume wangu akaingia ndani, akatoka na kibuyu alichokuwa amekificha uvunguni, tukalamba asali.